Kuuma ni Rahisi, Kazi ni Kuachilia: Mbwa wa Mashindano na Mbwa wa Polisi

(Mazungumzo kwa wafugaji wa mbwa, walinzi na wenye nyumba za kupangisha katika baraza la wadi)



Wenye nyumba wengi wanaotafuta mbwa huuliza swali moja: "Mbwa mkali hupatikana wapi?" Muuzaji naye ana jibu tayari. Atasema baba ya mtoto huyu wa mbwa ana cheti cha mashindano kutoka Ulaya, au kwamba amezaliwa na mbwa wa polisi. Bei hupanda papo hapo. Kabla ya kutoa pesa, ni vyema mwananchi ajue maneno hayo yana maana gani. Mbwa wa mashindano na mbwa wa polisi wote hufundishwa kuuma, lakini hawafundishwi jambo moja.

Mashindano yanayojulikana zaidi yalianzia Ujerumani. Mwaka wa 1899, Max von Stephanitz na wenzake walianzisha chama cha wafugaji wa mbwa aina ya German Shepherd. Miaka iliyofuata kulibuniwa mtihani wa kuwatambua mbwa wanaofaa kuzalisha, ukaitwa Schutzhund, yaani mbwa wa ulinzi. Siku hizi huitwa IGP. Una sehemu tatu: kufuata nyayo, utii na ulinzi. Kila sehemu ina alama 100, na anayepita hupata angalau 70. Zaidi ya hayo, mbwa haruhusiwi kuingia mtihani huo kabla ya kupita mwingine wa tabia, ambapo hutembezwa katikati ya watu, baiskeli na magari ili ionekane kwamba hamrukii mtu.

Katika sehemu ya ulinzi ya daraja la juu, uwanjani huwekwa maficho sita. Ndani ya moja husimama mtu anayeitwa msaidizi. Mbwa huzunguka maficho hayo, na akimpata, hubweka mbele yake bila kumgusa. Akimuuma mtu aliyesimama tuli, anapoteza alama. Ni pale tu msaidizi anapokimbia au kushambulia ndipo mbwa huuma, na huuma mkono mnene wa gunia ambao msaidizi ameuvaa. Msaidizi akitulia, mwenye mbwa hutoa amri ya kuachilia, na mbwa anatakiwa kuachilia mara moja. Asipoachilia hata baada ya amri ya tatu, anaondolewa mashindanoni.

Huo ni ufundi wa kweli, lakini una mipaka yake. Uwanja ni ule ule, mpangilio ni ule ule, na ule mkono wa gunia uko wazi machoni. Mbwa wengi huuona kama kitu cha kuchezea. Msaidizi akiuvua na kuuacha, mbwa huondoka nao mdomoni kwa furaha, mtu mwenyewe amesahauliwa. Kwa hiyo mbwa mwenye alama nyingi anaweza kusimama akishangaa mbele ya mwizi aliyevaa shati la kawaida. Hiyo si lazima iwe dalili ya uoga. Pengine hajawahi kufundishwa kwamba kazi yake ni mtu, si gunia.

Mbwa wa polisi hana uwanja. Huingizwa usiku katika ghala, kwenye ngazi za vigae vinavyoteleza, chini ya lori, penye mlio wa bunduki. Ndiyo sababu mazoezi yake hubadilishwa kila mara. Anayejifanya mhalifu huvaa suti nene ya mwili mzima, au huficha kinga ya mkono chini ya koti. Wakati mwingine mbwa hufungwa mdomo kwa kifaa maalum, ili ajifunze kumkabili mtu bila kutegemea kinga ya kuuma. Uholanzi kuna chama kiitwacho KNPV, kilichoundwa mwaka wa 1907, ambacho wanachama wake, wengi wao raia wa kawaida, hufunza mbwa kwa suti kama hizo, na wengi wa mbwa hao huishia kazini polisi. Mchezo na kazi vinaweza kukaribiana, ila mafunzo yawe yamelenga hivyo.

Polisi wenyewe hugawanyika kuhusu njia mbili. Kwa njia ya kwanza, mbwa akimpata mtu hubweka na kumlinda, na huuma tu akishambuliwa au mtu akitoroka. Kwa njia ya pili, huuma na kushika hadi afisa afike. Njia ya kwanza inakusudiwa kumpunguzia majeraha mtu aliyekwisha kusalimu amri. Ya pili humsaidia mbwa asisimame mbele ya mtu mwenye panga akingoja kukatwa, lakini mlevi aliyelala gizani anaweza kuumwa bila kosa. Kwa njia zote mbili, anayeamua mbwa atumwe ni afisa aliye naye, na ndiye anayepaswa kutoa maelezo baadaye.

Jambo linalowaunganisha mbwa hawa ni utii. Yeyote anayekubalika kazini au mashindanoni lazima aachilie anapoambiwa.

Sasa tazameni yanayofanyika katika maboma mengi. Mbwa hufungwa mnyororo mchana kutwa. Vijana humchokoza kwa fimbo na gunia kupitia lango "ili awe mkali." Hakuna anayemfundisha kuachilia. Huyo si mbwa wa mashindano wala wa polisi. Amejifunza tu kwamba binadamu ni adui. Siku lango litakapoachwa wazi, wa kwanza kupita huenda asiwe mwizi. Atakuwa mtoto anayetoka shule, mama muuza mboga au msomaji wa mita ya maji.

Nyumba ya kawaida haihitaji mbwa aliyefundishwa kuuma. Inahitaji mbwa anayebweka mapema, anayemjua mwenyewe, na anayekuja akiitwa. Anayenunua mbwa aliyefundishwa ulinzi aombe kuonyeshwa mambo mawili: mbwa akitembea kwa utulivu katikati ya watu, na mbwa akiuma kisha kuachilia kwa neno moja, bila kuvutwa wala kupigwa. Muuzaji akikataa, mnunuzi arudi na pesa zake nyumbani. Kampuni za ulinzi nazo zihakikishe kila mbwa ana mlinzi anayemzoea, na mazoezi yasikome siku mbwa anapoanza kazi.

Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti na kutunza wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Kila mwenye mbwa ampeleke kwa afisa wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa jirani, lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali yanakaribishwa.