Si Kila Shavu Lililovimba ni Jino
Mazungumzo kwa wazazi na wahudumu wa afya ya jamii



Mtoto anaamka shavu limevimba. Mama anafikiri ni jino. Mtoto anasukutua maji ya chumvi, anapakwa dawa ya kienyeji, pengine jino linang'olewa. Wiki mbili baadaye uvimbe umekua na meno mengine yanalegea.

Mara nyingi huwa ni jino kweli. Lakini kuna wakati huwa ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo hapa Kenya huonekana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu ugonjwa huu mwaka 1958. Baadaye alizunguka kwa gari, hospitali hadi hospitali, akagundua kwamba unapatikana penye joto na mvua nyingi, kulekule kwenye malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr. Karibu kila mtu anacho, na wengi hakiwadhuru.

Basi saratani hutoka wapi? Mwilini kuna seli B, zinazotengeneza kingamwili. Malaria ya mara kwa mara huzifanya zigawanyike bila kupumzika, na katika kazi hiyo seli hukata na kuunga DNA yake. Ikikosea, jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike, huhama kutoka kromosomu ya 8 hadi ya 14, kando ya jeni ya kingamwili inayofanya kazi muda wote. Watafiti walibaini hilo mwaka 1982. Ni kama pikipiki ambayo waya wa mafuta umenasa: dereva ameachilia, injini bado inanguruma. Kirusi nacho huisaidia seli hiyo isife. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kasi hiyo ndiyo hatari, na ndiyo tumaini. Dawa za saratani hushambulia seli zinazogawanyika haraka, kwa hiyo uvimbe huu hunywea upesi. Mtoto anayefikishwa mapema na kumaliza dawa ana nafasi nzuri ya kupona. Kosa kubwa ni kumrudisha nyumbani kwa sababu uvimbe umepungua. Seli zilizobaki huanza upya.

Mzazi, uvimbe wa taya, jicho au tumbo unaokua siku hadi siku usiungoje. Mpeleke mtoto hospitalini, uulize kama kipande cha uvimbe kitapimwa maabara. Mtoto alale ndani ya neti yenye dawa kila usiku. Na jirani asinong'one: ugonjwa huu si uchawi wala laana, na mtoto mgonjwa hawezi kumwambukiza mwenzake saratani.