Ligandi za Naitrojeni na Mwenendo wa Shaba Mbele ya Oksijeni

Oksijeni ya hewani ina uwezo mkubwa wa kuoksidisha, yaani wa kunyang'anya vitu vingine elektroni, lakini kwa joto la kawaida haiteketezi mbao wala mafuta, kwa kuwa molekuli yake ina elektroni mbili zisizo na jozi, ilhali katika vitu vingi vya kaboni elektroni zote zimo katika jozi, na tofauti hiyo huufanya mmenyuko baina yao uwe wa polepole mno. Shaba ni miongoni mwa metali zinazoondoa kizuizi hicho, hasa inapokuwa katika changamano, yaani ioni ya metali iliyozungukwa na ligandi, ambazo ni molekuli au ioni zinazoipatia jozi za elektroni. Hoja ya mada hii ni kwamba, pale ligandi zinapoishika shaba kwa atomi za naitrojeni, idadi ya atomi hizo na nafasi iliyoachwa kuizunguka shaba huchangia pakubwa kuamua iwapo oksijeni itabebwa ikiwa nzima au itapasuliwa.

Ioni ya shaba yenye chaji chanya moja huipa oksijeni elektroni moja, na oksijeni hugeuka superoksaidi. Ikiwapo ioni ya pili ya shaba karibu, elektroni nyingine hutolewa, na hupatikana peroksaidi iliyoshikwa na shaba mbili. Ndivyo ilivyo katika hemosianini, protini inayobeba oksijeni katika damu ya pweza na kaa, ambamo kila shaba imeshikwa na naitrojeni tatu za asidi amino iitwayo histidini, na damu isiyo na rangi hugeuka buluu oksijeni inapoingia.

Umbo la peroksaidi hiyo liliwasumbua wanakemia kwa muda mrefu. Mwaka 1988 Kenneth Karlin na wenzake nchini Marekani walichapisha muundo wa fuwele ya changamano la zambarau, linalodumu kwenye baridi ya nyuzi 80 za Selsiasi chini ya sifuri, ambamo kila shaba ilishikwa na naitrojeni nne na kugusa atomi moja tu ya oksijeni, shaba hizo zikiwa umbali wa nanomita 0.436, lakini umbali huo, pamoja na rangi yake, haukulingana na hemosianini. Mwaka uliofuata Nobumasa Kitajima na wenzake nchini Japani walitumia ligandi yenye naitrojeni tatu za pirazoli, iliyozungushiwa vikundi vinene vya kaboni na hidrojeni, wakapata peroksaidi iliyolala ubavu, kila atomi ya oksijeni ikigusa shaba zote mbili, shaba hizo zikiwa umbali wa nanomita 0.356. Muundo wa hemosianini iliyobeba oksijeni ya mnyama wa baharini aitwaye Limulus polyphemus, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha mpangilio huohuo. Ni nadra kwa changamano la maabara kutangulia kubainisha kilichomo ndani ya kiumbehai, na kwa sababu hiyo kazi ya Kitajima inastahili nafasi ya mbele katika kila kozi ya kemia ya metali.

Kubeba, hata hivyo, si kupasua. Mwaka 1996 William Tolman na wenzake walionyesha kwamba changamano lenye naitrojeni tatu zilizopangwa katika pete moja hukaa na peroksaidi likiwa ndani ya kiyeyushi cha dikloromethani, lakini ndani ya tetrahidrofurani kifungo kati ya oksijeni mbili hukatika, shaba hukaribiana hadi takriban nanomita 0.28, na kila moja huwa na chaji rasmi ya chanya tatu. Jambo la kushangaza ni kwamba hali hizo mbili hurudiana, kwa hiyo tofauti ya nishati kati yake ni ndogo sana, kiasi kwamba kubadilisha kiyeyushi tu kunatosha kugeuza hali moja kuwa nyingine.

Umbo hilo lililopasuliwa lina nguvu ya kung'oa hidrojeni kutoka kwenye kaboni, na joto likipanda hushambulia ligandi yake lenyewe, likikata vikundi vilivyoning'inia kwenye naitrojeni. Watafiti walipoweka deuteri, hidrojeni nzito, mahali pa hidrojeni ya kawaida katika vikundi hivyo, uharibifu ulipungua kasi sana, jambo linaloonyesha kwamba kukatika kwa kifungo cha kaboni na hidrojeni ndiyo hatua inayotawala kasi ya mmenyuko mzima, na kwamba ligandi itakayodumu katika joto la kawaida haina budi kutokuwa na vifungo dhaifu vya aina hiyo karibu na shaba.