Mahitaji ya Binadamu na Maana ya Maisha: Ushahidi wa Kijiji cha Marienthal

Katika vitabu vingi vya saikolojia na vya uongozi, uhusiano kati ya mahitaji ya binadamu na maana ya maisha huelezwa kwa msaada wa nadharia ya Mmarekani Abraham Maslow, aliyeitangaza mwaka 1943. Nadharia hiyo huyapanga mahitaji katika ngazi tano, ambazo ni mahitaji ya mwili kama chakula na usingizi, usalama, upendo na kuwa miongoni mwa watu, heshima, na mwishoni kujitimiza, yaani mtu kuvifikisha vipawa vyake pale vinapoweza kufika. Maslow hakuchora piramidi yoyote katika makala yake, na alikiri kwamba mpangilio huo haukuwa mgumu kama ulivyoonekana, lakini kilichobaki kwenye kumbi za mafunzo ni mchoro uliochorwa na wengine baadaye. Kutokana na mchoro huo wengi wamehitimisha kwamba suala la maana ya maisha ni anasa ya mtu aliyekwisha kushiba.

Upande wa pili amesimama Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa mjini Vienna, ambaye kati ya mwaka 1942 na 1945 alipitia kambi za mateso za utawala wa Nazi, na ambaye aliasisi logotherapi, yaani tiba inayomsaidia mgonjwa kutambua jambo la kuishi kwa ajili yake. Kwa Frankl, kiu ya maana ni hitaji la asili, lisilosubiri mengine yatimizwe, na huweza kuwaka hata pale mtu aliponyang'anywa kila kitu.

Makala hii inatetea msimamo usiokaa sawasawa katika upande wowote kati ya pande hizo mbili. Hoja yake ni kwamba hitaji haliyapi maisha maana kwa kule kutoshelezwa kwake tu, bali kwa namna linavyomfunga mtu na watu wanaomtegemea na kuzipa saa za siku yake mpangilio; na kwamba kifungo hicho nacho kina gharama, hivyo umaskini ukivuka kiwango fulani hukikata. Hitaji hapa lichukuliwe kuwa ni kitu ambacho kikikosekana kwa muda mrefu humdhuru mtu, tofauti na tamaa, ambayo ikikosekana humuudhi tu. Maana ya maisha ni hali ya mtu kuona kwamba mambo anayoyafanya yanashikana na kwamba kuwepo kwake kunamhusu mtu mwingine, na kusudi ni ile sehemu ya maana inayotazama mbele, yaani jambo la kesho linaloipanga leo.

Ushahidi ulio bora kuhusu jambo hili haukutoka katika maabara. Ulitoka Marienthal, makazi ya wafanyakazi yaliyopo Gramatneusiedl, kusini-mashariki ya Vienna, ambayo yalikua kuzunguka kiwanda kimoja cha nyuzi na nguo kilichoanzishwa mwaka 1830. Mdororo wa uchumi ulipoikumba Austria, kiwanda hicho kilifungwa idara baada ya idara kati ya mwaka 1929 na 1930, na karibu kijiji kizima, chenye familia 478 na watu 1,486, kikabaki bila ajira. Kikundi cha watafiti vijana, wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, kilikwenda huko kuanzia mwishoni mwa mwaka 1931 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1933. Inasimuliwa kwamba Lazarsfeld alikuwa amekusudia kuchunguza jinsi wafanyakazi wanavyotumia muda wao wa mapumziko, na kwamba ni mwanasiasa Otto Bauer aliyemgeuza, akiona ni mzaha kuchunguza mapumziko katika nchi ambayo watu wake wanalazimishwa kupumzika.

Kikundi hicho kilijiwekea sharti ambalo watafiti wa leo wangelifikiria mara mbili: hakuna mtu aliyeruhusiwa kuwapo kijijini kama mtazamaji tu, kila mmoja alipaswa kuwa na huduma anayoitoa. Kwa hiyo waligawa nguo, wakafungua kliniki ya bure, wakafundisha ukataji wa mitindo ya kushona na mazoezi ya viungo, na katika kufanya hayo wakapata kuona mambo ambayo dodoso lisingeyafikia.

Jambo la kwanza walilolikuta lilipingana na matarajio ya wanasiasa wa wakati huo, waliodhani kwamba njaa ingezaa ghadhabu na ghadhabu ingezaa mapinduzi. Watu wa Marienthal walinyamaa. Vyama vilipoteza wanachama. Maktaba ya wafanyakazi iliondoa ada ya kuazima vitabu, na watu walikuwa na muda tele wa kusoma, lakini uazimaji ulishuka kwa karibu nusu kati ya mwaka 1929 na 1931. Muda wenyewe ulikuwa umeharibika. Watafiti walipohesabu, wanaume 88 kati ya 100 hawakuwa wamevaa saa, na katika maelezo ya siku zao wengi waliweza kutaja alama tatu tu, yaani kuamka, kula cha mchana na kulala, huku yaliyokuwa katikati yakiwaponyoka. Mmoja wa watafiti alisimama kwenye dirisha linalotazama barabara kuu na kuandika jinsi watu walivyopita: karibu theluthi mbili ya wanaume walisimama angalau mara mbili kabla ya kufika walikokuwa wakienda, ilhali wanawake wengi walipita bila kukawia.

Tofauti hiyo ya wanawake na wanaume ndiyo kiini cha jambo lote. Wanawake wa Marienthal nao walikuwa wameachishwa kazi kiwandani, nao walikuwa na njaa, na kwa kipimo cha ngazi za Maslow hapakuwa na sababu ya wao kuwa na hali iliyo tofauti. Kilichowatofautisha ni kwamba mshahara ulikuwa umekoma lakini kazi haikukoma: nguo za watoto zilihitaji viraka vingi zaidi kuliko zamani, na chakula kidogo kilihitaji akili nyingi zaidi ili kitoshe. Mahitaji ya wengine yaliendelea kuwadai, na deni hilo ndilo lililoipa siku yao asubuhi, mchana na jioni. Wake walilalamika kwamba waume zao walichelewa chakula cha mchana, jambo la ajabu kwa watu wasio na shughuli yoyote ya kuwachelewesha. Hata hivyo isidhaniwe kwamba wanawake hao waliridhika na jiko. Wengi walisema wangerudi kiwandani hata kama isingekuwa kwa ajili ya fedha peke yake, kwa sababu kiwandani kulikuwa na watu.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha mwaka 1982, Jahoda alilifafanua jambo hilo kwa kusema kwamba ajira, licha ya kuleta mshahara, hutimiza mambo matano yasiyoandikwa katika mkataba: huupa muda mpangilio, humkutanisha mtu na watu wasio wa familia yake, humshirikisha katika lengo lililo kubwa kuliko yeye, humpa nafasi inayotambulika katika jamii, na humlazimisha kuwa na shughuli ya kila mara. Frankl naye alikuwa amekaribia hapo mapema. Mwaka 1933, uleule wa kuchapishwa kwa utafiti wa Marienthal, alichapisha uchambuzi wa vijana wa Vienna waliopatwa na sonona kwa kukosa kazi, akaona kwamba walijihesabu hawana faida kwa mtu yeyote na kwa hiyo maisha yao hayana maana. Walipojitolea katika vyama vya vijana, maktaba na elimu ya watu wazima, sonona yao ilipungua ingawa njaa ilikuwa ileile.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kusoma ushahidi huu kwa haraka, kwa maana mtu angeweza kusema kwamba basi maskini apewe shughuli ya kujitolea na suala la chakula liahirishwe. Takwimu za Marienthal haziruhusu usomaji huo. Watafiti walizigawa familia katika makundi manne kulingana na msimamo wao kuhusu maisha: zisizovunjika, zilizokubali yaishe, zilizokata tamaa, na zilizolegea kabisa hadi kuacha kutunza nyumba na watoto. Walipolinganisha mapato ya mwezi kwa kila mtu mzima, au kiasi kinacholingana na mtu mzima, walipata wastani wa shilingi za Austria 34 kwa kundi la kwanza, 30 kwa la pili, 25 kwa la tatu na 19 kwa la mwisho. Yaani shilingi chache kwa mwezi zilitosha kuitenganisha familia yenye mipango na familia isiyo nayo. Kundi lililokuwa kubwa kupita yote lilikuwa la pili, la wale walioendelea kufua, kupika na kuwapeleka watoto shule huku wakiwa wameacha kutarajia lolote.

Kupungua huko kwa matarajio kulionekana hata kwa watoto. Walipoombwa waandike zawadi walizozitamani kwa Krismasi, watoto wa Marienthal walitaja vitu vya thamani ya wastani wa shilingi 12, ilhali wenzao wa vijiji vya jirani walitaja vya shilingi 36, na wengi waliandika kwa namna ya masharti, kwamba wangependa hiki au kile endapo wazazi wangekuwa na fedha. Hitaji linalokataliwa kwa muda mrefu hufundisha kutokutamani, na mtu asiyetamani hana la kulipangia kesho.

Mwanasaikolojia David Fryer, aliyemkosoa Jahoda katika miaka ya 1980, aliutilia mkazo upande huu: umaskini na masharti ya misaada humnyima mtu uwezo wa kujipangia maisha yake, na upungufu huo wenyewe unaeleza mengi ambayo Jahoda aliyaeleza kwa kupotea kwa kazi. Ukosoaji huo una nguvu. Marienthal yenyewe inautolea mfano, kwani sheria ya wakati ule iliwanyang'anya msaada watu waliokutwa wakijipatia chochote kwa vibarua, hata vya muda mfupi, kwa hiyo serikali iliwalisha kwa sharti la kutokuwa na faida. Hata hivyo Fryer hawezi kueleza kwa urahisi hatua za wanawake barabarani, ambao umaskini wao ulikuwa uleule.

Kwa Afrika Mashariki, ushahidi huu unahitaji kuhamishwa kwa uangalifu. Vijana wanaoshinda vijiweni Tanzania, au maskani kule Zanzibar, hawakupoteza ajira. Wengi hawajawahi kuwa nayo, na kijiwe kinawapa sehemu ya mambo ambayo kiwanda kiliwapa watu wa Marienthal, hasa wenzao na jina linalotambulika. Kinachokosekana kijiweni mara nyingi ni mtu wa nyumbani anayengoja kitu kutoka kwao, kwa kuwa kijana asiye na kipato huchelewa kuoa, na asiyeoa huchelewa kuhesabiwa kuwa mtu mzima.

Mwezi Oktoba 2020 Gramatneusiedl ilirudi katika utafiti. Idara ya ajira ya Austria ya Chini ilianzisha mradi wa kumhakikishia kazi yenye malipo kila mkazi aliyekosa ajira kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiari yake, na wachumi Maximilian Kasy na Lukas Lehner wakaupima. Matokeo yao yalionyesha kwamba kipato na usalama wa kiuchumi viliongezeka, na pamoja navyo mpangilio wa muda, mahusiano na watu, heshima na hisia ya kushiriki lengo la pamoja, yaani yale mambo ya Jahoda karibu yote. Afya ya mwili haikuonyesha badiliko, wala namna ambavyo washiriki walilinganisha faida ya leo na ile ya baadaye, na hilo la mwisho linaacha wazi swali ambalo watoto wa mwaka 1931 walilizua: kama siku iliyopangwa upya yatosha kumrudishia mtu ujasiri wa kuitaka kesho, au ujasiri huo, ukishapungua, huhitaji muda mrefu kuliko ule wa mradi.