Mcheza Kwao Hutunzwa: Njia ya Mwanamuziki Anayejitegemea Bagamoyo na Mwambao wa Kaskazini mwa Dar es Salaam

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wanamuziki wanaojitegemea, Bagamoyo



1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie swali linalowasumbua vijana wengi wa hapa wanaopiga muziki: nikishatoka studio na wimbo wangu, nani atausikiliza? Wengi hulijibu kwa kufunga safari. Kijana hupanda gari la Makumbusho, anazunguka kwenye vituo vya redio vya Dar es Salaam, anaacha flashi kwa mtangazaji, kisha anarudi kungoja simu. Miezi ikipita bila simu, anakata shauri kwamba Bagamoyo hakuna mashabiki, au kwamba muziki hauna riziki.

Naja na hoja tofauti. Hadhira ya kwanza ya msanii anayejitegemea ni watu wanaoweza kumfikia kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda. Hao ndio wanaomjenga, na hao ndio wanaompa sababu ya kusikilizwa Unguja, Dar es Salaam na ng'ambo. Njia ya mbali ikishafunguka, anayefaidi ni yule aliyelinda haki zake tangu siku ya kwanza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nami nitajaribu kuonyesha kwamba huo ni mpango wa kazi unaotekelezeka.

Ninaposema mwanamuziki anayejitegemea, namkusudia yule asiye na kampuni wala mwajiri nyuma yake: anagharamia kurekodi mwenyewe, anatafuta maonyesho mwenyewe, na kazi yake ni mali yake.

2. Tulikotoka

Kwa miaka mingi Tanzania haikuwa na wanamuziki wengi wanaojitegemea, kwa kuwa bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi. Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri. Magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki alikuwa na ajira, alikuwa na ukumbi, na nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zikasikika nchi nzima. Lakini kanda zilibaki maktaba ya redio, na mtunzi aliyehama bendi aliondoka na sauti yake tu.

Hapa Bagamoyo historia ilikwenda kwa mkondo wake. Vikundi vya taifa vya sanaa vilipovunjwa, wasanii wake walikuwa hazina ambayo Chuo cha Sanaa kiliijengea nyumba mwaka 1981. Mwaka uliofuata likaanza Tamasha la Sanaa na Utamaduni la Bagamoyo. Chuo kikawa wakala wa serikali mwaka 2007, kwa jina tunalolitumia leo, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Kutokana na chuo hicho, mji huu mdogo una watu wengi wanaojua kupiga marimba, zeze, ngoma na gitaa kuliko miji mingi mikubwa.

Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990 na studio za kurekodi zikaenea, ajira za bendi zilififia na mlango mpya ukafunguka. Mlango huo ulikuwa Dar es Salaam. Tukazoea kuamini kwamba asiyepigwa redioni hajafika popote. Imani hiyo ndiyo ninayotaka tuiache.

3. Waliotangulia walianzia wapi

Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Kabla ya safari hiyo alikuwa amekwisha kuwa sauti ya mtaa wa Ng'ambo, Unguja, akiimba kwa Kiswahili mambo ambayo majirani zake waliyajua na kuyajadili. Santuri ziliwafikia watu wengi wa mwambao kwa sababu ziliimba maisha yao kwa lugha yao.

Mwanamuziki Hukwe Zawose alitoka Ugogo, akaishi na kufundisha hapa Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Aliimba kwa Kigogo, akapiga ilimba na zeze, na hakuubadilisha muziki wake ufanane na wa Ulaya ili Ulaya imsikilize. Mwaka 1996 albamu yake Chibite ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza. Mwanawe Msafiri akatoa Uhamiaji mwaka 2017 kupitia Soundway, akichanganya urithi huo na vyombo vya umeme. Mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wa mzee, wakatoa albamu ya Maisha wakiwa The Zawose Queens. Katika ukoo ambao wanawake walizoea kuitikia nyuma na kupiga muheme, sasa wao ndio waliosimama mbele. Vizazi vitatu vya nyumba moja hapa Bagamoyo vimesikika duniani, na kila kizazi kilianza na kile kilichokijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Mfano wa tatu ni wa jirani zetu wa uswahilini Dar es Salaam. Muziki wa mchiriku ulikua kwenye shughuli za mitaani, kwa kinanda kidogo cha Casio, ngoma na spika zilizochoka. Redio kubwa hazikuushughulikia sana. Kundi la Jagwa Music liliendelea kupiga mitaani, na mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao. Singeli nayo ilikulia kwenye vigodoro, ikasambaa kwa simu na kadi za kumbukumbu. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wa singeli wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Waliokuja kuwatafuta walivutwa na muziki ambao mtaa ulikuwa umekwisha kuupokea.

Na hapa hapa tunaye Jhikoman, mwanamuziki wa reggae aliyeifanya Bagamoyo kuwa makao yake na ya bendi yake ya Afrikabisa, huku akipiga katika majukwaa ya nje ya nchi. Makazi ya Bagamoyo hayakumzuia kusafiri.

4. Hadhira ya nyumbani na fedha zake

Najua pingamizi litakalotolewa: watu wa Pwani hawalipi kiingilio. Ni kweli kwamba ukifunga geti uwanjani na kuweka tiketi, wengi watasikiliza wakiwa nje ya ukuta. Lakini watu hao hao huchangia harusi, hushona sare, na hupanda jukwaani kumtunza mwimbaji aliyewagusa. Fedha ipo. Hutolewa pale mtu anapoona jambo ni lake.

Kwa hiyo msanii aanze kwenye shughuli za watu: harusi, mahafali, uzinduzi, sherehe za wavuvi na za vikundi vya akina mama. Aingie na nyimbo zake mwenyewe, hata mbili tu, katikati ya zile anazoombwa. Ajue majina ya waliomtunza. Kutoka hapo aandae onyesho lake la kila mwezi, mahali pamoja, siku ile ile, ili watu wajizoeshe. Tuchukulie watu 100 wanalipa shilingi 3,000 kila mmoja. Hiyo ni shilingi 300,000. Ukitoa kukodi muziki, usafiri na posho ya wenzako, kinachobaki ni kidogo, lakini umejua watu 100 kwa sura. Wimbo ukisikilizwa mara 100 mtandaoni, hautakulipia hata nauli ya bodaboda.

Tusisahau pia barabara yetu. Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga zinajaa wakazi wapya waliotoka mjini. Hao wana kipato, na jioni wasingependa kupambana na foleni kurudi mjini kutafuta burudani. Bendi yenye makao Bagamoyo ipo karibu nao. Upande wa kaskazini kuna Pangani na Tanga, na redio za jamii kama Pangani FM ambazo zipo kwa ajili ya sauti za wenyeji.

Kuhusu hoteli, nawaomba tuwe na msimamo. Kazi ya hotelini ni kazi halali na inalipa kodi ya nyumba. Lakini anayepiga kila wiki nyimbo zile zile za kuwafurahisha wageni, bila kutia hata moja yake, atamaliza miaka kumi akijulikana kama bendi ya hoteli ile. Hali hii inawakabili sana wahitimu wa chuo chetu. Wanazijua ngoma za makabila mengi, lakini hawajaamua ipi ni sauti yao. Chuo kinakupa ujuzi. Sauti yako utaitafuta mwenyewe kwa kutunga.

5. Kupiga laivu

Faida kubwa ya Bagamoyo ni kwamba hapa watu wanajua kupiga vyombo. Sauti za Busara, tamasha lililoanza Unguja mwaka 2004, hupokea maombi ya wasanii na linataka muziki upigwe laivu jukwaani. Msanii aliyezoea kuimba juu ya wimbo uliorekodiwa hana nafasi pale. Kijana wa hapa anayo, mradi ajiandae: picha nzuri, maelezo mafupi ya kundi, rekodi safi, na video ya onyesho halisi hata kama imepigwa kwa simu. Wanaochagua wanataka kuona mnavyosimama mbele ya watu. Hapo ndipo onyesho lenu la kila mwezi linapolipa, kwa kuwa video hiyo inaonyesha kundi lililoiva na watu wanaoitikia.

Na Tamasha la Bagamoyo lipo mlangoni petu. Tusilione kama siku ya kupanda jukwaani na kushuka. Wageni, waandishi na wenye matamasha mengine hufika. Tuwe na namba ya simu iliyo hai na muziki wetu tayari kusikilizwa hapo hapo.

6. Mtandao

Mtandao umeondoa ulazima wa kumwomba mtu ruhusa ya kusikika. Msambazaji wa kidijitali anaweza kuufikisha wimbo wako Boomplay, Audiomack, YouTube na Spotify, iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2021. Lakini tuangalie masharti. Ili YouTube ianze kukugawia mapato ya matangazo, kwa njia ya kawaida unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hilo halitokei kwa kuweka video moja na kuondoka. Linatokea kwa watu wanaorudi, na wanaorudi mwanzoni ni wale wanaokujua.

Nashauri kila kundi liwe na orodha ya WhatsApp ya mashabiki waliokubali wenyewe kuingizwa. Majukwaa hubadilisha taratibu zake bila kutuuliza. Namba za watu wako zinabaki kwako. Na onyesho linapofanyika, lipa namba iwe imebandikwa mahali panapoonekana, maana wengi siku hizi hawatembei na fedha taslimu.

7. Haki na karatasi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki tangu kazi inapokuwepo, na haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wajukuu wako wanaweza kula kwenye wimbo ulioutunga jana, iwapo itajulikana kwamba ni wako. Mwezi Januari 2022 Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ilitangaza mgao wa mirabaha wa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Kiasi kwa mtu mmoja hakikuwa kikubwa, lakini asiyesajili kazi zake hukosa hata hicho kidogo.

Yako mambo mawili tunayoyachanganya. Utunzi ni mali moja, na rekodi yenyewe, yaani master, ni mali nyingine. Ukirekodi kwa mkopo au kwa ahadi ya mdomo, prodyuza anaweza kudai rekodi ni yake, na huna cha kumjibu. Kabla ya kuwasha maikrofoni, andikeni karatasi moja: nani ametunga maneno, nani ametengeneza biti, nani anamiliki master, na kila mmoja anapata asilimia ngapi. Wote watie sahihi. Kwa makundi ya ngoma ni muhimu zaidi, kwani watu kumi wakipiga pamoja na jina la mmoja likaandikwa, ugomvi ndio unaovunja kundi siku fedha inapokuja.

8. Mapendekezo

Kwanza, kila kundi lililopo hapa lianze onyesho la kila mwezi ndani ya mwaka huu, na makundi yapishane tarehe ili tusigombee watu wale wale.

Pili, TaSUBa iingize katika mafunzo yake mikataba, usajili wa kazi na uandaaji wa maonyesho, ili mhitimu aondoke na ujuzi wa kuishi kwa sanaa yake.

Tatu, halmashauri itenge eneo la wazi lenye umeme na kibali rahisi kwa maonyesho madogo. Msanii anayeandaa onyesho la watu 100 asikabiliwe na mlolongo ule ule wa promota anayejaza uwanja.

Nne, wenye hoteli na kumbi wakubaliane na wasanii kwamba sehemu ya kila onyesho iwe ya nyimbo zao wenyewe.

9. Hitimisho

Ndugu zangu, sisemi kwamba redio haina maana au kwamba Dar es Salaam tuikimbie. Nasema tufike huko tukiwa na watu nyuma yetu na karatasi zetu mkononi. Kabla hamjaondoka kwenye ukumbi huu, nawaomba kila kundi likae pamoja, lipange tarehe na mahali pa onyesho lake la kwanza, na liandike mgawanyo wa haki wa wimbo wake mmoja. Mkifanya hayo mawili, semina hii itakuwa imezaa matunda.