Kulinganisha Mipango ya Nyongeza ya Bima ya Afya kwa Wazee wa Bukavu: Mutuele, Bima za Biashara na Suala la Dawa za Kila Mwezi

Bima ya afya ya nyongeza hulipa kile kilichobaki baada ya bima ya kwanza kulipa. Nchini Ufaransa bima ya kwanza ni mfuko wa taifa, na mutuele huja kuziba pengo lake. Nchini Marekani wenye miaka 65 na zaidi wana Medicare, na juu yake wanaweza kununua mpango wa Medigap. Bukavu, nchini Kongo, mambo ni mengine. Wazee walio wengi hawana bima ya kwanza, kwa hiyo kinachoitwa nyongeza ndicho mwanzo na ndicho mwisho. Kulinganisha mipango bila kukumbuka jambo hilo ni kulinganisha paa za nyumba zisizo na kuta.

1. Maneno ya msingi

Maneno haya hayahitaji kurasa nyingi. Mchango ni fedha anayotoa mwanamemba kwa mwaka. Sehemu ya mgonjwa ni asilimia ya faktira anayobaki nayo mgonjwa mwenyewe. Muda wa kungoja ni miezi kati ya kulipa mchango na kuanza kutumia karte. Orodha ya huduma ni yale ambayo mpango umekubali kulipia, na mipaka ni yale ambayo umekataa. Mzee, katika mada hii, ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea.

2. Mipango iliyopo na inapoishia

Kwa upande wa serikali, Katiba ya Kongo ya 2006 inatambua haki ya afya katika kifungu cha 47, na kifungu cha 49 kinawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Maneno ni mazuri. Fedha yake haijaonekana. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii uliochukua nafasi ya INSS kwa kufuata Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, unakusanya asilimia 18 ya mshahara, mwajiri akitoa 13 na mfanyakazi 5. Fedha hiyo inaingia katika matawi matatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na misaada ya familia. Tawi la ugonjwa wa kawaida halipo. Mstaafu aliyechangia miaka 30 anapokea pensheni, lakini akipatwa na tansio, yaani shinikizo la damu, hana pa kupeleka faktira.

Mpango wa afya kwa wote nao ulianza na uzazi. Huduma za kujifungua bila malipo zilizinduliwa Kinshasa Septemba 2023, kisha zikapelekwa katika majimbo mengine. Hakuna atakayelaumu kuanza na mama na mtoto. Ila bibi wa mtoto huyo bado hajaandikwa popote.

Waajiri wanabanwa na Kanuni ya Kazi ya 2002 kuwatibu wafanyakazi wao pamoja na familia zao. Ulinzi huo unategemea mkataba wa kazi, na mkataba ukikoma kwa uzee, matibabu nayo yanakoma, katika umri uleule yanapoanza kuhitajika. Bima za biashara hazitofautiani sana na hapo. Kanuni ya Bima ya 2015 iliondoa ukiritimba wa kampuni ya serikali, SONAS, na makampuni mengine yakaingia, lakini bima ya ugonjwa inauzwa zaidi kwa makundi ya wafanyakazi kupitia waajiri wao. Mzee wa Bagira anayeishi kwa kupangisha vyumba viwili si mteja wanayemtafuta.

Kinachobaki ni mutuele za afya, yaani mifuko ya kusaidiana inayochangiwa na wanamemba wenyewe. Nchini Kongo mfano wa zamani unaotajwa kila mara ni bima ya hospitali ya Bwamanda, iliyoanza 1986. Katika Kivu ya Kusini mutuele nyingi zilikua chini ya mkono wa makanisa, hasa BDOM, ofisi ya huduma za afya ya Jimbo Kuu Katoliki la Bukavu, na kwa msaada wa washirika kama Louvain Coopération. Sheria namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017 ilizipa msingi wa kisheria ambao hapo awali haukuwepo. Kwa mzee asiye na mwajiri wala mtoto Ulaya, mutuele ndiyo mlango ulio wazi. Mlango huo unastahili kusifiwa kabla ya kukosolewa, na lawama zilizomo humu zinahusu utaratibu, si shirika lolote.

3. Mambo ambayo wazee huulizia, na lile wasilouliza

Familia inapochagua mutuele huuliza mambo mawili: mchango ni dola ngapi, na karte inapokelewa wapi. Maswali hayo yana maana. Karte inayopokelewa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo, au hospitali za Panzi na Ciriri, ina uzito kuliko ile inayoishia kwenye kituo cha afya kimoja. Sehemu ya mgonjwa nayo huulizwa, angalau na wale waliowahi kulazwa. Muda wa kungoja husahaulika mpaka siku ya ugonjwa.

Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: nani atalipa dawa za kila mwezi?

Magonjwa ya uzee katika mji huu ni magonjwa yasiyoondoka. Utafiti wa Vitaraa kuhusu shinikizo la damu katika Kivu ya Kusini, uliochapishwa 2011, ulishaonyesha kwamba tansio si ugonjwa wa matajiri wala wa Wazungu. Kisukari kinaifuata kwa karibu. Magonjwa haya hayahitaji kitanda cha hospitali. Yanahitaji kidonge leo, kesho na mwezi ujao. Amlodipine, hydrochlorothiazide na metformin si dawa za ajabu. Zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na zinapatikana kwa majina ya kawaida yasiyo ya kiwanda fulani.

Hata hivyo, kanuni za mutuele nyingi zina mstari mmoja mfupi unaoweka magonjwa ya kudumu nje ya huduma, au unaoyakubali pale tu mgonjwa anapolazwa. Matokeo yake yanaonekana dirishani. Mama mzee anafika kituo cha afya na karte yake ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, picha imeshaanza kufifia. Anapimwa presha, anaandikiwa dawa za mwezi mzima, kipimo na ushauri vinahesabiwa kwa mutuele. Kwenye dirisha la dawa anaambiwa kwamba hizo hazimo. Anashuka nazo kwenye karatasi hadi soko la Kadutu, ananunua vidonge saba kwa sababu fedha aliyonayo inatosha saba, na siku ya nane presha inapanda tena. Atarudi hospitalini amebebwa, upande mmoja wa mwili umekufa. Hapo mutuele italipa: kitanda, sindano, vipimo, siku baada ya siku. Mpango uliokataa kulipa kidonge umelipa kiharusi. Na mstari ule mfupi ungali mahali pake.

Hesabu ya mfano inasaidia kuona ni kwa nini bei ya mchango pekee inadanganya. Tuseme mpango wa kwanza unadai dola 6 kwa mwaka na haugusi dawa za kudumu, na wa pili unadai dola 14 na kulipa nusu ya dawa hizo. Mzee anayehitaji dawa za dola 5 kwa mwezi atatumia dola 60 kwa mwaka. Katika mpango wa kwanza atatoa dola 66 kwa jumla, na katika wa pili 44. Ule ulioitwa wa bei nafuu umemgharimu dola 22 zaidi, kabla hata hajalazwa.

Wasimamizi wa mutuele wana jibu lao, na ni jibu la haki. Mzee huyo analeta dola 14 na kuchukua 30 kwa dawa peke yake. Zaidi ya hayo, anayejua kwamba ana kisukari atakimbilia kuandikishwa, naye kijana mzima atakaa nyumbani. Mfuko wa wagonjwa watupu haudumu mwaka. Ikiwa mwanamemba mmoja kati ya watano ndiye anayemeza dawa, nusu ya bei ya dawa zake ikigawanywa kwa wote ni dola 6 kwa kila mtu, na mchango wa dola 12 (6 za huduma za kawaida na 6 za dawa), ukiongezwa 2 za uendeshaji, unatosha. Ikiwa wanaojiunga ni wagonjwa tu, dola 14 hazifiki popote. Kwa hiyo suala si huruma kwa wazee. Suala ni namna ya kuandikisha watu.

Hapa ndipo familia inapohusika. Fomu nyingi huhesabu baba, mama na watoto. Nyanya anayelala chumba cha nyuma anahesabiwa kuwa kaya nyingine, au haandikwi kabisa mpaka augue. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda inadai mchango wa kaya nzima ulipwe ndipo karte ya yeyote ndani yake ifanye kazi. Mfuko wa michango hiyo umesimamiwa na RSSB, shirika la hifadhi ya jamii la Rwanda, tangu 2015, na walio maskini kabisa hulipiwa. Kongo haina serikali yenye mkono wa namna hiyo kwa sasa, lakini kanuni ya kaya nzima haihitaji jeshi wala sheria mpya. Inahitaji fomu nyingine.

Mfano wa Marekani nao una la kufundisha, licha ya utajiri wake. Medicare ilianza kazi 1966 ikilipa hospitali na madaktari, na dawa za kumeza nyumbani hazikuingia katika mpango wake hadi tarehe 1 Januari 2006. Ilichukua karibu miaka 40. Jambo la pili ni la kuigwa mara moja: mipango ya Medigap ina herufi, na mpango G wa kampuni moja una huduma zilezile za mpango G wa kampuni nyingine, isipokuwa katika majimbo matatu yenye utaratibu wake. Mzee analinganisha bei tu, kwa sababu kilichomo kinajulikana. Bukavu, kila mutuele ina orodha yake na maneno yake, na hata muuguzi mzoefu hushindwa kusema ipi ni pana zaidi.

Tatizo la fedha yenyewe litajwe kwa kifupi. Michango hupangwa kwa dola, pensheni hulipwa kwa faranga, na dola moja iliyokuwa chini ya faranga 1.000 mwanzoni mwa 2016 ilipita 2.700 mwaka 2024. Tangu mabenki ya Bukavu yalipofunga milango kwa sababu ya vita Februari 2025, wazee wengi hutegemea kile watoto wanachotuma kwa simu.

4. Mapendekezo

Kwa mutuele. Kwanza, mstari unaoweka nje magonjwa ya kudumu ufutwe, na mahali pake iwekwe orodha fupi ya dawa za tansio na kisukari zinazolipwa angalau kwa nusu. Orodha ya dawa sita au saba inatosha kuanzia. Pili, fomu ya kuandikisha iwe na nafasi ya wazazi wazee wanaoishi katika kaya, na kaya iandikishwe nzima au isiandikishwe. Tatu, wazee wasio na kaya waandikishwe kwa makundi: parokia, vyama vya wastaafu, akina mama wa soko la Nyawera, ili wazima na wagonjwa waingie pamoja. Nne, mchango uweze kulipwa kidogo kidogo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Tano, muda wa kungoja ufutwe kwa mzee anayetoka moja kwa moja katika bima ya mwajiri, kwa sababu huyo hakungoja augue ndipo ajiunge.

Kwa hospitali na vituo vya afya. Dawa za orodha hiyo zinunuliwe kwa pamoja, kupitia depo za dawa zilizopo mjini kama ile ya kanisa la 8ème CEPAC, badala ya kila kituo kuhangaika peke yake. Mgonjwa apewe dawa za mwezi mzima kwenye dirisha lilelile alikopimwa; akipelekwa sokoni, atarudi kununua vidonge saba tu. Daftari la wagonjwa wa kudumu liwekwe katika kila kituo, ili mganga mshauri wa mutuele aone nani ameacha dawa kabla hajaletwa kwa machela.

Kwa mamlaka za jimbo na za taifa. Mutuele zote za Kivu ya Kusini zitakiwe kueleza huduma zao kwa ngazi tatu zenye majina na yaliyomo sawa. Hilo halina gharama kubwa, na sheria ya 2017 inatoa nafasi ya kulisimamia. CNSS ifikirie kumkata mstaafu anayetaka, kwa hiari yake, mchango wa mutuele moja kwa moja kutoka katika pensheni. Mpango wa afya kwa wote, utakapopita hatua ya uzazi, uchague dawa za tansio na kisukari kwa wenye miaka 60 na zaidi kuwa hatua inayofuata. Pendekezo hili linafanana na la kwanza, na linarudiwa kwa makusudi.

Kwa familia. Kabla ya kulipa mchango, mtu aulize maswali manne kwa mfuatano huu: je, mzee anaruhusiwa kuandikwa katika kaya yetu? Dawa zake za kila mwezi zimo? Muda wa kungoja ni miezi mingapi? Akilazwa, sehemu yake ni asilimia ngapi? Bei iulizwe baada ya hayo.

Mapendekezo mengi kati ya haya yatahitaji fedha, mikutano na sahihi za wakubwa. Moja la mwisho halihitaji hayo. Kabla ya msimu ujao wa kuandikisha, kila mutuele ichapishe nyuma ya karte yake majina ya dawa inazolipia na zile isizolipia, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma.