Shujaa Asiyelipa Chochote

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi siku ya pili ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya uandishi wa hadithi. Mwalimu wa Kiswahili alinikabidhi madaftari yenu kumi na moja, ili nisije nikazungumza hewani. Nimeyasoma yote. Tisa kati yake ni hadithi za mapigano: mabingwa wa kungfu wanaoruka juu ya mapaa, vijana wenye moto viganjani, wazee wanaotuma radi. Siwacheki. Sisi wa rika langu wakati wa likizo tulijazana katika majumba ya sinema kumtazama Bruce Lee, na tuliporudi bwenini vitanda vya shule viliona cha moto. Ninyi mna simu na katuni za Kijapani. Uchu ni ule ule.

Lakini ugonjwa wa madaftari haya ni mmoja. Katika ukurasa wa tatu shujaa anapasua jiwe kwa ngumi. Katika ukurasa wa saba anapasua kilima. Kufika ukurasa wa ishirini hakuna kilichobaki cha kupasuliwa, na msomaji amekwisha kusinzia, kwa maana anajua kwamba adui akizidi, mwandishi atamwongezea shujaa nguvu nyingine kutoka mfukoni mwake. Mapigano ambayo mshindi wake amepangwa hivyo hayana tofauti na hesabu iliyokwisha kufanywa ubaoni.

Kwa hiyo, kabla ya ngumi ya kwanza kurushwa, hapana budi mwandishi ajue nguvu hiyo inatoka wapi, inakoma wapi, na anayeitumia analipa nini. Tena amwambie msomaji mapema. Msidhani kwamba haya ni maarifa ya Hong Kong peke yake, ingawa Jin Yong, aliyeandika riwaya zake za mapigano kati ya 1955 na 1972, aliyajua vizuri sana: kwake mtu hujifunza kwa miaka, na anayejifunza vibaya huumizwa na mafunzo yenyewe. Haya yako kwetu tangu zamani.

Mchukueni Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mshale haumwui, mkuki haumwui. Ingekuwa katika daftari moja ninalolijua, hadithi ingefia hapo. Lakini mtunzi ameacha mlango mmoja wazi: sindano ya shaba, ichomwe kitovuni. Basi tazameni kinachotokea. Mara moja mapigano yanaacha kuwa habari ya misuli, yanakuwa habari ya nani anaijua siri. Mtawala wa Pate hana haja ya kukusanya jeshi. Anamtafuta mtoto wa Liyongo, anamwahidi binti yake amwoe. Pambano kubwa kuliko yote katika hadithi ile ni mtoto anayemwuliza baba yake swali, na baba anayeshuku sababu ya swali, naye anajibu. Hakuna aliyeruka juu ya paa. Na hata baada ya kuchomwa, Liyongo anakwenda kupiga magoti karibu na kisima, upinde mkononi, anakufa katika hali ile, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji kwa kuwa hawajui kama amekufa. Nguvu yenye mpaka imetisha hata baada ya mwenyewe kwisha. Mtoto naye hakukipata alichoahidiwa.

Wanyanga wa mashariki ya Kongo wana Mwindo, ambaye habari zake zilichapishwa na Biebuyck na Mateene mwaka 1969. Huyu alizaliwa akitembea, na usinga wake, conga, ulifanya karibu kila kitu. Lakini alipoua joka, rafiki yake Nkuba, ambaye ni radi yenyewe, alimchukua juu mbinguni, akateswa huko mwaka mzima kwa mvua na jua, usinga usimsaidie kitu, akarudishwa na katazo la kuua wanyama. Ushindi wenyewe ndio ulioleta bili.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa. Baadhi yenu mmeyaona magofu ya malungu juu ya nyanda zetu. Ilungu lilikuwa tanuru la udongo lililozidi kimo cha mtu, hata kufikia mita tatu, na ajabu yake ni kwamba halikuvukutwa. Moto ulivuta upepo wenyewe kupitia mirija ya udongo iliyowekwa chini kuzunguka tanuru. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu. Kilipelekwa katika tanuru dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika. Fundi alizika dawa katika msingi wa ilungu, na wafanya kazi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe.

Je, mnaona utajiri huo? Mpeni shujaa wenu nguvu ya ilungu badala ya moto wa viganjani. Hawezi kuipata peke yake. Anahitaji watu wa kuchimba mawe, wa kukata miti, wa kuchoma mkaa. Hawezi kuipata masika. Ana mke, na mke anamngoja, na kila siku ya kungoja ni sehemu ya gharama. Adui naye hana haja ya kujifunza kungfu: anahitaji kiberiti kimoja na kujua rundo la mkaa liko wapi. Hapo mwandishi hana tena kazi ya kubuni mapigano. Mapigano yanajileta.

Neno la mwisho ni zito kidogo, nanyi mnivumilie. Ziko nguvu ambazo masharti yake yamepangwa ili zisiweze kushindwa kamwe. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu waliambiwa risasi zitageuka maji. Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Tarehe 30 ya mwezi huo watu waliiendea boma ya Mahenge mbele ya bunduki za rasharasha. Dawa ilipokosa kufanya kazi, ilisemekana kwamba aliyekufa alivunja mwiko. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000, na wako wanahistoria wanaotaja hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Ushujaa wa watu wale siuguswi. Nasema tu kwamba sharti ambalo kila mara humlaumu maiti si sharti.

Na sisi wa Sumbawanga tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Jina la mji wetu hufasiriwa kuwa ni kutupa uchawi, lakini nchi nzima hututania kana kwamba tunauokota. Katika madaftari manne kati ya tisa, mbaya wa hadithi ni bibi kizee mwenye macho mekundu anayetuma radi. Hatujaambiwa kwa nini, wala kwa gharama gani. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Radi haihitaji kutumwa. Macho mekundu ni ya moshi wa kuni. Lakini katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa macho hayo, na ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo na watu walioamini nguvu za namna hiyo hiyo, isiyo na mpaka wala ushahidi. Mwaka 2013 mashambulizi hayo yalifika hata mkoani kwetu.

Kwa hiyo yule bibi wa daftari la kijani mwandishi wake amwandike upya. Kama ana radi, tuambiwe aliipata kwa nani, inamla nini kila anapoituma, na kwa nini hakuituma siku mjukuu wake alipochukuliwa. Nafikiri atakuwa mtu wa kutisha zaidi kuliko sasa, na huenda tukampenda.

Madaftari nimemrudishia mwalimu, nimeandika pembeni kwa penseli. Sasa ningependa kusikia maswali yenu.