KUMSIKILIZA ALIYENYIMWA: Mafunzo kutoka kazi ya mwamuzi wa rufaa za fao la kukosa ajira

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za misaada na miradi za sharika)



Mada niliyopewa ni haki katika kugawa misaada. Miongozo juu ya jambo hili tunayo tayari, mingine imelala kwenye makabati yetu. Kwa hiyo leo nitawaeleza kazi moja inayofanyika Marekani, kazi ya mwamuzi mwandamizi wa rufaa za fao la kukosa ajira. Nikimaliza, tutajiuliza sisi tunamfanyia nini mtu ambaye kamati imemwambia "hapana".

Fao lenyewe

Jimbo la Wisconsin lilitunga sheria ya fao hili mwaka 1932, likiwa la kwanza nchini humo. (Nasema majimbo ya Marekani, si majimbo ya dayosisi!) Wakati huo mamilioni ya watu walikuwa wamepoteza kazi kwa sababu ya mdororo mkubwa wa uchumi. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii, na majimbo yote yakaingia katika utaratibu huo.

Fedha za fao hutokana hasa na kodi anayolipa mwajiri. Kodi hiyo hupanda kadiri wafanyakazi wake wa zamani wanavyolipwa. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mfanyakazi anahitaji kodi ya nyumba na chakula cha watoto, na mwajiri naye hataki gharama yake iongezeke. Kila upande una sababu ya kuvutia kwake.

Watunga sheria wa mwaka 1935 waliliona hilo. Waliweka sharti kwamba jimbo likitaka fedha za serikali kuu za kuendesha mpango huu, ni lazima kila anayenyimwa fao apewe nafasi ya kusikilizwa kwa haki mbele ya chombo kisichoegemea upande wowote. Ofisa wa kwanza anaweza kukataa maombi kwa kusoma karatasi mezani, lakini akikataa, lazima kuwe na mlango wa pili. Anayekaa kwenye mlango huo wa pili ndiye mwamuzi ninayemzungumzia.

Siku ya kusikilizwa

Mashauri mengi husikilizwa kwa simu. Mwamuzi anarekodi mazungumzo yote na kuwaapisha mashahidi. Hafungwi na uamuzi wa ofisa wa kwanza, bali huanza upya na kuuliza mambo yalivyokuwa. Wafanyakazi wengi hawana wakili, kwa hiyo mwamuzi hawezi kukaa kimya akingoja nani atazungumza vizuri zaidi. Ni wajibu wake kumsaidia kila mmoja aeleze yaliyo muhimu: nini kilitokea siku ya mwisho kazini, nani aliona, onyo lilitolewa lini, na kama lilikuwa la maandishi. Asiyejua Kiingereza hutafutiwa mkalimani. Wamo ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo, ambao Kiswahili ndicho lugha yao, waliopokelewa huko na kuajiriwa viwandani.

Mtu aliyeona jambo kwa macho yake, akala kiapo na kukubali kuulizwa maswali, kwa kawaida neno lake huwa na uzito kuliko barua ya mtu ambaye hakutokea. Uvumi haukatazwi kutajwa, lakini ni msingi dhaifu wa kumnyima mtu riziki.

Baada ya hapo mwamuzi huandika uamuzi. Kwanza anataja mambo aliyoyaona kuwa ni kweli, pili sababu zake kwa mujibu wa sheria, tatu amri yake. Mwishoni anamweleza aliyeshindwa namna ya kwenda mbele zaidi, kwenye bodi na hatimaye mahakamani.

Nani athibitishe?

Mwajiri akisema alimfukuza mtu kwa mwenendo mbaya, ni juu ya mwajiri kuthibitisha. Mfanyakazi akiacha kazi mwenyewe, ni juu yake kuonyesha sababu ya msingi.

Tena, si kila kosa ni mwenendo mbaya. Mwaka 1941 Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliamua kesi ya dereva wa teksi aliyeachishwa kazi. Ilisema mwenendo mbaya ni kudharau kwa makusudi maslahi ya mwajiri, na kwamba kutokuwa hodari au kukosea kwa nia njema si mwenendo mbaya. Maelezo hayo yalifuatwa na majimbo mengi. Mwajiri ana haki ya kuachana na mtu asiyeiweza kazi, lakini huyo bado anaweza kustahili fao. Hayo ni maswali mawili, na mwamuzi hayachanganyi.

Imani mbele ya mwamuzi

Bibi Adell Sherbert alifanya kazi katika kiwanda cha nguo huko South Carolina. Mwaka 1957 alijiunga na Waadventista Wasabato. Mwaka 1959 kiwanda kilianza kufanya kazi siku sita kwa wiki, Jumamosi ikiwemo. Alikataa kufanya kazi siku hiyo, akafukuzwa. Alipoomba fao alinyimwa, kwa maelezo kwamba amekataa kazi inayomfaa bila sababu ya msingi. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilisema jimbo haliwezi kumlazimisha achague kati ya imani yake na fao lake.

Mwaka 1981 ilikuja kesi ya Bwana Eddie Thomas wa Indiana, Shahidi wa Yehova aliyeacha kazi baada ya kuhamishiwa idara ya kutengeneza sehemu za vifaru vya vita. Mwenzake wa dhehebu hilohilo aliona kazi ile haina ubaya. Mahakama ilisema hilo halimfungi Thomas, kwa kuwa si kazi ya mahakama kuamua nani kati ya waumini ameelewa dini yake vizuri zaidi.

Mwaka 1989 ikaja kesi ya Bwana Frazee wa Illinois, aliyekataa kazi ya Jumapili. Yeye hakuwa mshiriki wa kanisa lolote, alisema tu kwamba ni Mkristo. Majaji wote waliona anastahili ulinzi uleule.

Wapendwa, mashauri haya yote yalianzia chini, kwa waamuzi wa rufaa za fao. Kama mtu hana mahali pa kusema "sikubaliani", hata haki kubwa namna hii haiwezi kuonekana.

Uzito wa kazi hii

Mwamuzi mwandamizi hupewa mashauri magumu, na mara nyingi huwafundisha wapya na kupitia maamuzi yao. Anabanwa na muda. Kanuni za serikali kuu zinataka asilimia 60 ya rufaa za ngazi ya kwanza ziamuliwe ndani ya siku 30, na asilimia 80 ndani ya siku 45. Mwezi Machi 2020, korona ilipofunga biashara, maombi mapya ya fao yalizidi milioni 6 katika wiki moja. Rufaa zilirundikana na watu wengi wakangoja kwa miezi. Mwenye njaa akingojeshwa miezi mingi, hata akishinda ameumia.

Uzito mwingine ni wa moyoni. Mwamuzi atasikia mama mwenye watoto wanne, atamhurumia, na bado atamkatalia kwa sababu sheria haimruhusu kumpa. Hana uwezo wa kugawa fedha kwa huruma. Anachoweza kumpa kila mtu ni kumsikiliza kwa ukamilifu na kumpa sababu anayoweza kuielewa.

Na sisi je?

Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 2018 ilianzisha fao la kukosa ajira katika mifuko ya NSSF na PSSSF. Vilevile tuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Waambieni washarika wenu: anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tu kupeleka mgogoro wake CMA. Wengi hupoteza haki zao wakingoja bosi atulie hasira.

Lakini nataka tujitazame sisi wenyewe. Kamati zetu huchagua watoto wa kulipiwa ada, kaya za kupewa mbuzi wa maziwa, na wajane wa kukopeshwa mtaji. Tuseme mjane ameondolewa kwenye orodha kwa sababu mjumbe mmoja alisema, "Huyo ana mtoto mjini anamtumia fedha." Nani aliona? Mama mwenyewe aliulizwa? Anasikia jina lake halijasomwa ibadani, basi anarudi nyumbani na aibu yake. Mwaka ujao mtoto wake hayuko shuleni.

Someni Mithali 18:17 na Yohana 7:51. Nikodemo alikuwa mjumbe wa baraza kama ninyi, na swali lake lilikuwa hili hili: mtu atahukumiwaje kabla hajasikilizwa?

Napendekeza mambo matano:

1. Kila anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili rahisi. Asiyejua kusoma asomewe faraghani.
2. Aambiwe kwamba ana siku 21 za kukata rufaa, hata kwa mdomo.
3. Rufaa isikilizwe na watu watatu ambao hawakuketi katika uamuzi wa kwanza, wawili kati yao watoke usharika jirani.
4. Aliyeleta neno baya aje alieleze. Asipokuja, neno lake lisiwe sababu pekee ya kumnyima mtu. Mambo ya ukatili kwa watoto yasiingizwe humu, hayo yapelekwe ustawi wa jamii na polisi.
5. Jibu litoke ndani ya siku 30, na nakala ibaki ofisi ya usharika.

Najua wazee wengine watasema, "Hapa ni kanisani, si mahakamani." Ni kweli. Lakini serikali ikimnyima mtu anaweza kwenda mahakamani. Kanisa likimnyima, aende wapi? Wengine watasema kila mtu atakata rufaa. Huenda mwanzoni wakawa wengi. Lakini mtu aliyeelezwa sababu ya kweli mara nyingi huridhika, hata kama hakupata.

Kwa wafadhili wetu nina ombi. Utaratibu huu una gharama ndogo za nauli na karatasi. Tunaomba ziingizwe kwenye bajeti ya mradi. Tena mkiona kwenye taarifa zetu kwamba kuna rufaa, na kwamba nyingine zilibadilisha uamuzi wa kamati, msihesabu kuwa mradi umeharibika. Taarifa isiyo na malalamiko hata moja ndiyo inayotakiwa kuulizwa maswali.

Kamati zilizo tayari kuanza na orodha ya ada ya mwaka ujao zijiandikishe kwa katibu wa semina kabla hatujaachana leo. Fomu za rufaa zimeandaliwa, ni ukurasa mmoja tu.